Zotero kwa mwanafunzi wa kozi ya uandishi: kazi inayofanya na kazi inayokuachia

Katika kozi yoyote ya uandishi wa kitaaluma kuna kipindi cha marejeo, na ndicho kinachowapotezea wanafunzi alama kizembe. Hoja inaeleweka, aya zimeshikana, lakini orodha ya mwisho ina nukta pasipotakiwa, mwaka umesahaulika, na vitabu vitatu vilivyotajwa ndani ya insha havipo nyuma. Zotero ni programu ya kuondoa usumbufu huo: inahifadhi taarifa za vyanzo vyako, kisha inakutengenezea nukuu za ndani ya mabano na orodha ya mwisho. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ikiwa kiendelezi tu cha kivinjari cha Firefox. (Jina lake limetokana na kitenzi cha Kialbania chenye maana ya kulimudu jambo.) Yanayosemwa hapa yanahusu toleo la 7, lililotoka mwaka 2024.

Kwa vyombo vya bure vya kazi hii, hatujaona cha kuipita. Ila ina sharti: mtumiaji awe anajua kusoma rejeo. Asiyejua kwamba rejeo la makala ya jarida linahitaji mwandishi, mwaka, kichwa, jina la jarida, juzuu, namba, kurasa na DOI (namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni) ataletewa makosa yaliyopangwa vizuri, na hatayaona.

Unasakinisha vitu viwili. Programu yenyewe inakuja na kijalizo, yaani programu ndogo ya kuongezea, cha Word na LibreOffice, kwa hiyo hapo huna la kufanya. Kitu cha pili ni kiendelezi cha kivinjari, na hicho ndicho pia kinachoiunganisha Zotero na Google Docs. Ukifungua ukurasa wa makala, kitufe cha kiendelezi hubadilika picha: karatasi kwa makala, kitabu kwa kitabu, folda kwa ukurasa wenye vitu vingi. Itazame picha hiyo kabla ya kubofya. Ikionyesha ukurasa wa kawaida wa tovuti wakati wewe unasoma makala ya jarida, Zotero haijaitambua, na itaihifadhi kama tovuti, bila juzuu wala kurasa. Dawa ni kunakili namba ya DOI, kurudi kwenye programu, kubofya kitufe chenye fimbo ya mazingaombwe na kuibandika hapo. Kwa vitabu, weka ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. PDF iliyomo kwenye kompyuta unaiburuta tu ndani ya programu nayo hujitafutia taarifa zake, isipokuwa iwe picha za kurasa zilizoskaniwa zisizo na maandishi ya kusomeka. Hiyo utaijaza kwa mkono.

Sasa tufike penye matatizo. Zotero haitungi taarifa. Inachukua zile ambazo tovuti imeziweka, na tovuti nyingi zimeziweka vibaya. Mpanda ovyo hula ovyo, kwa hiyo kila kitu kikaguliwe siku kinapoingia, si usiku wa kuamkia tarehe ya kukabidhi.

Kosa la kwanza ni mwandishi aliye taasisi. World Health Organization ikiingia kwenye sehemu mbili za jina, yaani jina la ukoo na jina la kwanza, orodha itasomeka "Organization, W. H." na ndani ya insha utapata (Organization, 2021). Kando ya jina kuna kitufe kidogo cha kuunganisha sehemu mbili ziwe moja. Kibofye, andika jina zima, basi.

La pili ni herufi kubwa. Mtindo wa marejeo wa APA unataka kichwa cha makala kiwe na herufi kubwa mwanzoni, baada ya nukta mbili, na kwenye majina ya pekee tu. MLA na Chicago, mitindo mingine ya marejeo, zinazikuza herufi za mwanzo za maneno yote makuu. Zotero inaweza kuzipandisha herufi mtindo ukidai, lakini haizishushi. Kwa sababu hiyo, vichwa vyote vihifadhiwe vikiwa vimeshushwa. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nenda kwenye sehemu ya kubadili maandishi, chagua "Sentence case", kisha rudia kukagua majina ya watu na nchi, maana nayo huweza kushushwa.

Hapo hapo kuna mtego unaomhusu zaidi anayetumia vitabu vya Kiswahili. Programu ikipandisha herufi hudhani kila kichwa ni cha Kiingereza, hivyo "Misingi ya uandishi wa ripoti" inaweza kutoka "Misingi Ya Uandishi Wa Ripoti". Jaza "sw" kwenye nafasi ya lugha ya kitabu hicho, na herufi zitaachwa kama ulivyoziandika. Ni herufi mbili tu, na wachache mno huzijaza.

La tatu linashangaza wengi: insha inaonyesha 2019a na 2019b ilhali kitabu ni kimoja. Maana yake kitabu hicho kimeingia mara mbili, na umekinukuu mara moja kutoka kila nakala. Kuna folda maalumu inayokusanya vitu vilivyojirudia. Viunganishe hapo, usifute kimoja, kwani kufuta hukata uhusiano na nukuu zilizokwisha kuwekwa. Ndugu wa kosa hilo ni herufi ya jina la kwanza kuchomoza ndani ya mabano. Ukiwa na "Smith, John" mahali pamoja na "Smith, J." pengine, programu inadhani ni watu wawili na inajaribu kuwatofautisha. Andika jina kwa namna moja kote.

Ndani ya Word kazi ni nyepesi. Bofya kitufe cha kuweka nukuu, andika jina la mwandishi, mchague, kisha bofya jina lake ndani ya kisanduku ili uongeze namba ya ukurasa. Hatua hii ya mwisho hurukwa sana, na nukuu ya maneno halisi isiyo na ukurasa ni pungufu. Ikiwa mwandishi umeshamtaja kwenye sentensi, hapo hapo kuna tiki ya kumficha ili ubaki mwaka peke yake. Usiandike chochote kwa mkono ndani ya nukuu iliyowekwa na programu, ikijisasisha itakifuta. Kosa lirekebishwe kwenye maktaba ya Zotero, kisha bofya "Refresh".

Ukitaka kuhamisha kazi kutoka Word kwenda Google Docs au LibreOffice, tumia amri ya kuhamisha iliyo kwenye mipangilio ya hati. Ukinakili na kubandika tu, nukuu zinakuwa maandishi yaliyokufa. Amri ya kukata uhusiano wote wa nukuu na Zotero kabla ya kukabidhi hairudi nyuma, kwa hiyo ifanyie kwenye nakala.

Kisomaji cha PDF kilichomo ndani ni kizuri kuliko tulivyotarajia. Unapaka rangi, unaandika maoni, kisha yote yanageuzwa kuwa daftari lenye kiungo cha kila ukurasa. Kwa anayejifunza kufafanua kwa maneno yake, tenga rangi moja kwa maneno halisi ya mwandishi na rangi nyingine kwa hoja utakazozieleza mwenyewe. Wizi wa kitaaluma mwingi hauanzi kwa nia mbaya. Huanzia kwenye daftari lisiloonyesha maneno ni ya nani. Hakiki namba za kurasa, kwa sababu makala inayoanzia ukurasa wa 211 inaweza kuhesabiwa kuanzia 1. Tena, tangu 2019 programu hukuonya kwa alama nyekundu makala uliyohifadhi ikiwa imefutwa na jarida. Hilo peke yake linaweza kuokoa insha.

Nafasi ya bure ya mafaili mtandaoni ni MB 300, sawa na PDF 150 hivi za MB 2 kila moja. Taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi humo.

Kwenye uandishi wa kikazi msaada wake ni mdogo. Ripoti ina aina yake yenye nafasi ya taasisi na namba ya ripoti, na inafanya kazi vizuri. Lakini barua pepe, mahojiano ya faragha na mazungumzo ya simu, kwa APA, hutajwa ndani ya maandishi tu na hayaingii kwenye orodha. Hayo yaandike kwa mkono. Barua ya maombi ya kazi, muhtasari wa kikao na wasifu havihitaji programu hii kabisa.

Ziko programu nyingine za kazi hii. EndNote ni ya kulipia. Mendeley, ambayo kampuni ya uchapishaji ya Elsevier iliinunua mwaka 2013, nayo hutumika bure, lakini Zotero ina uhuru zaidi wa kutoa taarifa zako na kuzipeleka kwingine. Na kama kozi yako inadai insha moja yenye vyanzo vitano tu, usijisumbue kusakinisha chochote: ZoteroBib, kwenye anwani ya zbib.org, hutengeneza orodha ndani ya kivinjari kwa kubandika DOI au ISBN, bila akaunti. Ukaguzi wa herufi na majina ya taasisi unabaki ule ule.