Shirodhara ya Kerala: ilivyonisaidia kutuliza kichwa

Kama usingizi umekukimbia na mawazo hayakupi nafasi, shirodhara, yaani kumiminiwa mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso, naipendekeza kwa moyo mmoja. Niliifanyia Kochi, jimbo la Kerala nchini India, nilikokuwa nimempeleka mama kwa matibabu ya goti. Kuuguza kulikuwa kumenichosha: neno dogo tu nawaka, naingia jikoni sikumbuki nilichofuata.

Daktari wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hakukimbilia mafuta. Alinishika mapigo ya moyo, akatazama ulimi, akaniuliza nalala saa ngapi, nakula saa ngapi, choo kikoje, na nikikasirika huchukua muda gani kutulia. Kwao mwili na akili vinaongozwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Akasema kwangu vata, ile ya upepo na mwendo, imezidi. Nadharia yote siishikilii, lakini kule kusikilizwa bila haraka kulinipa nafuu kabla sijapakwa chochote.

Kisha unalazwa chali juu ya meza ya mbao yenye kingo, macho yamefunikwa kwa pamba. Juu ya paji la uso kinaning'inia chungu chenye tundu na utambi, na mafuta ya uvuguvugu yanateremka kama uzi usiokatika, mhudumu akiyapeleka polepole upande huu na ule. Yangu yalikuwa ksheerabala: mafuta ya ufuta yaliyopikwa kwa maziwa na mmea uitwao bala. Mwanzoni akili inagoma, inahesabu madeni na simu za kupiga. Halafu hesabu inapotea. Wakimaliza wanakuogesha kwa unga wa choroko, wanakusugua utosini poda ya rasnadi ili usishikwe na mafua, unapewa uji wa mchele.

Chakula cha jioni ni mapema, na simu huishiki tena. Naamini utaratibu huo ulifanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu nimeuendeleza nyumbani bila mafuta na usingizi bado ninao.

Sikupenda duka la dawa la pale mlangoni, wanavyokusukuma ununue vidonge vya kumbukumbu. Nilikataa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa za Ayurveda zinazouzwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Ashwagandha, mmea unaotumika sana katika dawa hizo, nayo imehusishwa na madhara ya ini, wajawazito waiepuke, na anayetumia dawa za tezi la shingo azungumze kwanza na daktari wake. Na tafadhali, kama unatumia dawa za sonona ulizoandikiwa hospitali, usiziache kwa sababu ya mafuta.

Wanawake tulihudumiwa na wanawake, mlango umefungwa, kwa hiyo hata anayejistiri hana wasiwasi. Ila fumua nywele kabla ya kwenda. Mafuta yale yakiingia kwenye rasta hayatoki kwa kuosha mara moja.