Uzoefu wangu: seti ya kuanza kushona ngozi, na kile soko la Kariokor, Nairobi, limenifundisha

Marafiki kadhaa wameniuliza kama ile seti ya kushona ngozi niliyoagiza onlaini inafaa ama ni kutupa pesa, nikaona afadhali niandike yote hapa mara moja juu kwa simu siwezi kumaliza. Jibu langu ni kwamba inafaa nusu. Nusu moja natumia kila wikendi, nusu nyingine iko kwa droo. Lakini kitu nataka mtu anayeanza asikie kabla ya vyote ni kwamba sio vyuma vitakufanya uipende hii kazi, ni ngozi. Mtu anatoa elfu tano ya vifaa alafu anafanyia mazoezi kwa reksini (ngozi bandia) ya sofa lililochanika, akishona mashimo yanararuka, anaacha akisema hana mkono. Mkono anao, hana ngozi.

Basi seti. Ililetwa na mtu wa boda mpaka geti, ikanitoka elfu tatu na kitu pamoja na usafiri. Muuzaji simtaji jina, na hata hivyo ni ile ile iko kwa kila duka la onlaini, kimfuko cheusi cha zipu, tangazo linasema vipande thelathini na kitu lakini hapo wamehesabu kila sindano na kila kipira cha kuvaa kidoleni. Ukitoa hizo ndogondogo unabaki na kama vitu kumi, na sio vyote vya maana.

Tuanze na panchi za meno, zile za kutoboa mashimo ya kushona kwa mstari, juu hizo ndizo umelipia. Ziko za meno mawili, manne na sita, nafasi ya jino hadi jino ni milimita 4. Kwa begi na mshipi 4 iko sawa kabisa, kwa waleti ningependa 3 lakini 4 haijaniharibia kazi. Shida ni kwamba meno yanakuja na makwaruzo ya kiwandani, ukigonga inaingia vizuri tu, kuitoa sasa ndio vita, unavuta mpaka ngozi inainuka na panchi na shimo linapanuka. Watu wengi wakifika hapo wanasema seti ni feki. Usiirudishe kwa sababu hiyo. Nunua msasa wa maji namba 1000 na mwingine namba 2000 kwa hadiwea, sugua kila jino kufuata urefu wake, pande zote hata pale katikati ya meno, alafu umalizie na Brasso kwa kipande cha ngozi mpaka chuma king'ae. Kabla ya kugonga dunga meno kwa sabuni kavu ama nta ya nyuki. Ni kazi ya jioni moja, na baada ya hapo zangu hutoka bila kuvutana.

Na tafadhali usigonge panchi na nyundo ya chuma, kichwa chake kitapanuka na kupasuka. Nyundo ya mbao inatosha, fundi wa fanicha mtaani kwetu alinichongea kwa mti mgumu akaniitisha pesa ya soda. Chini ya ngozi weka kile kibao cha plastiki cha kukatia mboga, na chini ya kibao kitu kizito. Mimi niliomba kipande kwa wale wanaokata graniti ya kaunta za jikoni, vipande vidogo huwa wanatupa. Kama unaishi flati kama sisi wengi, weka blanketi iliyokunjwa chini ya hiyo graniti na ufanye kazi karibu na ukuta, sio katikati ya chumba, sauti inapungua sana. Hata hivyo mimi sitoboi chochote baada ya saa mbili usiku, watu wa chini wana mtoto. Natoboa mchana, usiku nashona, kushona hakuna kelele, hata stima ikipotea taa ya kuchaji inatosha.

Vingine kwa haraka. Sindano ni nzuri, ncha butu vile inafaa kuwa (shimo limeshatobolewa, ncha kali itakudunga wewe na kupasua uzi). Uzi wenye nta uko sawa kuanza nao. Kale kambao kenye mifereji ka kusugulia ukingo nakatumia kila mara. Kile chuma cha kuchora mfereji wa mshono kinafanya kazi. Chuma cha kupunguza kona kilikuja butu kabisa na hata nilipokinoa hakikushika makali, hicho kiko kwa droo. Sindano ya mpini, ile ya kutobolea, inacheza ndani ya mpini wake, nenda kwa fundi wa viatu aliye karibu nawe umuulize yake anaitoa wapi, utapata ngumu na ya bei poa. Tepu ya kupimia usiiguse hata, nunua rula ya chuma ya sentimita 30. Na kisu, seti yangu haikuwa na kisu cha maana, nikachukua kile cha bledi za kukatika cha mafundi wa kapeti. Ukikata, rula ikae juu ya ile sehemu unayotaka kubaki nayo, ili kisu kikiteleza kiharibu ile ya kutupa. Pitisha kisu polepole mara tatu nne badala ya kulazimisha mara moja.

Sasa ngozi, na hapa ndio naomba usome pole pole.

Kariokor unaweza kutembea kwa mguu kutoka taoni, na ukishapita wale wa viondo na wale wa sandali za shanga utaona ngozi zimekunjwa kwa rafu na zingine zimetandazwa. Zinauzwa kwa futi mraba, na mara nyingi nyuma ya ngozi kumeandikwa namba ya futi zake, kwa hivyo sio lazima ukubali makadirio ya macho. Anayeanza asinunue ngozi nzima. Omba vipande vilivyobaki kwa wanaoshona mabegi na sandali, mimi niliuziwa vya kupimwa kwa mizani, mfuko mzima, na ndani yake nilipata ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, nyembamba, nene, yaani darasa tosha.

Kuna aina mbili kubwa unafaa kuzijua. Ya kwanza imetengenezwa kwa dawa ya kromu, na ndio ngozi nyingi duniani, juu inachukua muda mfupi kiwandani na inatoka laini. Ya pili imetengenezwa kwa maji ya magome ya miti, hiyo inachukua wiki nyingi na inatoka ngumu na ya rangi ya mkate. Magome yenyewe tunayo hapa hapa, miwati ile imepandwa huko milimani ndio moja ya miti inayotumika sana kwa hii kazi duniani. Tofauti yake utaiona mkononi: ya magome ukiilowesha maji kidogo inashika alama ya muhuri, inakunjika na kubaki hivyo, na ukisugua ukingo wake na maji na kale kambao unafunga na kung'aa. Ya kromu ukisugua ukingo hata asubuhi mpaka jioni utabaki na nyuzinyuzi, inataka kupakwa rangi ya ukingo ama kukunjwa ndani. Sasa mtu amefuata video ya kung'arisha ukingo akiwa na ngozi ya kromu, anasugua, anasugua, anadhani kosa ni lake.

Kwa hivyo ukiwa sokoni kata kipande kidogo kwenye kona uangalie katikati. Ukiona kijivu ama kibuluu ni kromu. Ukiona kahawia moja toka juu hadi chini kuna uwezekano mkubwa ni ya magome, weka tone la maji kwa upande usiopakwa rangi, likinywewa na pakawa peusi, chukua. Ukiona kitambaa kwa nyuma hiyo ni reksini, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Wauzaji wengi wa pale hawakasiriki ukiuliza, wakiona unajua kuangalia wanakutolea zile nzuri kutoka ndani.

Kitu kingine, ngozi zetu zina alama. Mifugo imechomwa chuma cha alama, imeumwa na kupe, imekwaruzwa na miiba, na kisu cha mchinjaji kimepita mahali kwa nyuma. Bei inashuka kwa sababu hiyo na kwa mtu wa vitu vidogo hiyo ni nafasi nzuri, kwani pochi ya kadi unaikata katikati ya alama mbili na hakuna atakayejua. Cha kuangalia zaidi ni imetoka wapi mwilini. Sehemu ya mgongo imeshikana, ya tumbo inavutika, na ukikata mshipi kwa tumbo baada ya miezi michache utakuwa umerefuka na kupinda.

Huduma niliyolipia na sijutii hata shilingi ni mchana mmoja wa kufundishwa na fundi pale pale. Sio shule, ni mzee mwenye stuli mbili na meza, nikamwomba anionyeshe mshono wa mkono wa sindano mbili, tukakubaliana bei nikamtumia kwa M-Pesa tukaanza. Nilikuwa nimeshaangalia video na mshono wangu ulishika, ila ulikuwa unapanda na kushuka. Mzee aliuangalia upande mmoja, akageuza, akaniambia, "Dada, mkono wako unabadilisha njia. Wa kushoto ukianza, uanze kila shimo."

Akanionyesha. Uzi mmoja, sindano kila mwisho, urefu wa uzi mara nne ya mstari utakaoshona. Ngozi imebanwa kati ya magoti kwa mbao mbili. Sindano ya kushoto inaingia, inatoka kulia, anaivuta kidogo. Kabla ya ya kulia kuingia shimo lile lile, anauvuta ule uzi uliopo kuelekea kwake, ili sindano ya pili ipate nafasi upande wa pili wa shimo na isidunge uzi wa kwanza. Alafu mikono miwili inafunguka pamoja, kwa nguvu sawa, unasikia uzi ukikaza, basi, shimo linalofuata. Kila mara mpangilio ule ule. Nilivyoacha kubadilisha mpangilio mshono ukalala, mishono yote ikaegemea upande mmoja, na pale pale kwa stuli nilifurahi mpaka Mzee akacheka.

Na huu mshono una sababu. Cherehani ina uzi wa juu na wa chini unaoshikana katikati ya ngozi, mmoja ukikatika pale kwa kona ya begi mshono unaanza kufumuka. Wa mkono uzi unapita kila shimo kutoka pande zote mbili, ukikatika mahali pamoja ule wa upande wa pili bado umeshika. Ndio maana begi lililoshonwa kwa mkono linavumilia matatu na mizigo ya kila siku.

Kazi ya kwanza nashauri iwe pochi ya kadi, usikimbilie begi. ID na kadi ya benki zote zina milimita 85.6 kwa 54, kwa hivyo mfuko wa upana wa milimita 100 unakuachia nafasi ya mshono pande zote na kadi bado inateleza. Ngozi ya milimita 1.2 hadi 1.5. Chora kwanza kwa kadibodi ya boksi la viatu, ikate, iunge na tepu, ingiza kadi zako za kweli ndio uguse ngozi. Gundi ya viatu inatosha kushikilia kabla ya kutoboa, paka pande zote mbili nyembamba, ngoja ikauke kidogo ndio ugandishe. Fungua madirisha yote, na kama una watoto kwa nyumba gundi ikae juu kabisa imefungwa, ule mvuke wake sio mzuri kwa kichwa cha mtu yeyote.

Kwa hivyo seti naipa tatu juu ya tano, na ni tatu za panchi, sindano na uzi tu. Kama unaweza kununua hivyo vitatu kando kando, fanya hivyo na pesa inayobaki iende kwa vipande vya ngozi. Fundi wangu wa Kariokor namwachia tano zote. Nenda Jumamosi asubuhi kabla watalii na wateja wa sandali hawajajaa, ukute mtu ana muda wa kukuelekeza, na utembee na kipande cha kazi yako hata kama hakijaisha, wakikiona mkononi mwako mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Mimi sai natafuta ngozi ya mshipi, ya magome, milimita 3 na nusu, kipande cha mgongo chenye urefu wa mita moja na robo bila alama ya chuma. Mzee amesema akipata ataniwekea kando. Nikiumaliza huo mshipi nitawaambia kama panchi za seti zimeweza unene huo, mpaka sasa sijazijaribu zaidi ya milimita 3.