Kruzi za mtoni Ulaya: kampuni ipi ulipie, kwa mpangilio wangu

Bei unayoiona kwenye tangazo la kruzi ya mtoni, yaani safari ya matembezi ambayo unalala melini siku kadhaa, sio bei utakayolipa mwishoni, na hapo ndo watu wengi wanapoumia. Mtu anazipanga kampuni mbili, anaona hii ina nafuu ya yuro mia nane anakimbilia kulipa, kumbe ile nyingine imeshaweka ndani matembezi ya mijini, vinywaji, bakshishi ya wafanyakazi na hata gari la kukutoa eapoti. Bakshishi peke yake kampuni nyingi zinapendekeza kati ya yuro 10 na 15 kwa mtu kwa siku, sasa piga hesabu watu wawili siku saba.

Na usibabaishwe na picha za meli, kwa ukubwa karibu zote zinafanana. Kwenye mito ya Ulaya kuna sehemu meli inaingia ndani ya boksi la zege, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa au yanatolewa mpaka ilingane na upande wa pili. Maboksi mengi yana upana wa mita 12, kwa hiyo meli haizidi mita 11 na nusu hivi kwa upana, na urefu mwisho mita 135. Kwenye mfereji wa Main-Danube, unaounganisha mito ya Main na Danube huko Ujerumani, uliofunguliwa 1992 kuna maboksi matatu yanayobeba meli karibu mita 25 kila moja. Tulipopita pale na mama yangu tulikuwa chumbani tunakunywa chai, mara dirisha likaingia giza, ukuta wa zege umelowa na una ukoga wa kijani, uko karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa, halafu ukaanza kushuka taratibu mbele ya macho yetu mpaka mwanga ukarudi tukaona miti. Mama akasema, "Mwanangu, tumepanda ghorofa na meli yetu!" Hayo huyaoni kirahisi kwenye meli kubwa za baharini.

Basi tofauti iko kwenye nini kimo ndani ya bei, na nani utakuwa naye humo. Mpangilio wangu ni huu.

Namba moja naiweka AmaWaterways. Mvinyo na bia vimo kwenye chakula cha mchana na cha usiku, matembezi yamo, baiskeli zimo melini unachukua bure, na kilichonivutia zaidi ni kwamba matembezi yanagawanywa kwa mwendo, kuna kundi la wanaokwenda kasi na kundi la wanaokwenda polepole. Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu hilo ni jambo kubwa sana, miji ya Ujerumani kama Regensburg na Passau imejaa barabara za mawe, na mama alitembea na kundi lake bila mtu kumharakisha. Wana pia AmaMagna ya mwaka 2019, hii ina upana wa mita 22, karibu mara mbili ya meli za kawaida, ila inachukua watu 196 tu kwa hiyo vyumba ni vikubwa kwelikweli, na kwa sababu ya upana huo inabaki Danube peke yake. Bakshishi wanahesabu pembeni.

Namba mbili Viking. Ilianza 1997 na ndo jina kubwa kuliko yote mitoni, meli zao ndefu zinabeba watu 190. Kila kituo kuna matembezi moja ndani ya bei, waifai imo, bia na mvinyo kwenye chakula. Hawachukui mtu chini ya miaka 18, kwa hiyo kama unataka utulivu na historia, hapo umefika, na kama una watoto basi ruka usome A-ROSA hapo chini.

CroisiEurope ya Strasbourg naipa namba tatu, na kwa mwenye bajeti ndogo ningeipa namba moja bila kusita. Ni kampuni ya familia tangu 1976, bei yao mara nyingi iko chini ya hizo mbili za juu na bado vinywaji vimo, chakula ni cha Kifaransa kweli. Vyumba ni vidogo, na matembezi mara nyingi yanauzwa peke yake kwa hiyo ongeza kwenye hesabu. Abiria wengi ni Wafaransa. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanaoishi Ubelgiji na Ufaransa watajisikia nyumbani, asiyejua Kifaransa aulize kabla safari hiyo ina mtu wa Kiingereza au vipi.

Wenye watoto nendeni A-ROSA ya Ujerumani. Wao wanakaribisha watoto, na meli yao ya A-ROSA Sena iliyoanza 2022 kwenye Rhine ina vyumba vya familia na betri za umeme za kuingilia bandarini kimyakimya. Lugha kuu Kijerumani, uliza.

Avalon ni kwa mtu wa dirisha, kitanda kinatazama nje na ukuta mzima wa kioo unafunguka, unaamka na mto uko miguuni. Kama utakaa sana chumbani ichukue hii hata kabla ya Viking.

Scenic, Uniworld na Tauck nimeziweka chini sio kwa ubaya, ni nzuri mno, huduma yake ya juu. Shida ni hii, kwenye bei zao kubwa kuna vinywaji, na ukiwa Muislamu au mlokole usiyegusa pombe unamlipia jirani shampeni yake wiki nzima. Kwa mnywaji mwenye pesa hesabu inageuka. Emerald, ndugu mdogo wa Scenic, bei yake inavumilika na ana bwawa la kuogelea ndani ambalo usiku linafunikwa linakuwa sinema.

Chakula cha halali andika mapema wakati wa kubuki, sio ukifika, na usitegemee nyama halali hata wakisema sawa. Mama alikula samaki na mboga na mayai siku zote saba akaridhika.

Kuhusu chumba, deki ya chini kabisa ndo rahisi, dirisha liko juu dogo halifunguki, na mara nyingi lifti haifiki huko. Ile wanayoita balkoni ya Kifaransa ni mlango wa kioo na kizuizi tu, hakuna pa kukanyaga. Lakini kabla hujalipa zaidi ujue kwamba bandarini meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, unaweza kufungua pazia asubuhi ukatazamana na mgeni wa meli ya jirani anapiga mswaki.

Halafu maji. Agosti 2022 mto Rhine ulipungua vibaya pale Kaub, Ujerumani, na mimi nilikuwa safarini, siku mbili nzima tukawa watu wa basi, kampuni ilijua mapema na haikutuambia mpaka tumeshapanda. Kwa hiyo soma kwenye mkataba wanafanya nini maji yakiwa machache au mengi mno, wanakuhamishia meli nyingine, wanarudisha pesa au wanakupa vocha tu. Kwa mzazi mimi nachagua Mei au mwanzo wa Juni. Desemba ni ya masoko ya Krismasi, inapendeza ila baridi yake sio mchezo kwa mtu wa Tanga.

Anayetoka nyumbani aanze na viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya angalau yuro 30,000, unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Hesabu usiku mtakaolala kila nchi, ubalozi wa ile yenye usiku mwingi ndo wa kuomba. Na kama meli inashuka Danube mpaka Belgrade, Serbia haiko Schengen, mtatoka na kuingia tena, kwa hiyo kwenye fomu ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na stika ikitoka muisome palepale kabla hamjaondoka dirishani.