Swali la kesho yake: uzoefu wangu wa fiziotherapia kwa uchovu usioisha

Kwa miezi kumi na minne sasa ninaamka nimechoka kuliko nilivyolala, mabega na mapaja yakiuma kana kwamba usiku kucha nilikuwa ninatwanga. Ninafundisha shule ya msingi Magomeni na ninaishi Kimara, na zamani kusimama darasani mchana kutwa, kisha kusimama tena ndani ya mwendokasi hadi nyumbani, halikuwa jambo la kulizungumzia.

Nilipimwa wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, sukari, tezi ya shingo, figo, ini, VVU, na malaria zaidi ya mara moja. Majibu yote yalikuwa mazuri. Nilimshukuru Mungu, lakini pia nilibaki mpweke, kwa sababu kuanzia hapo ndugu na wenzangu kazini walisema ni mawazo tu. Hata hivyo ninamsihi kila mwenye dalili kama zangu aanzie kwenye vipimo, kwani upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu uleule, nayo ni maradhi yenye tiba.

Kliniki ya kwanza ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, niliyokwenda ilinitaka nitembee dakika 20 kila siku na kuongeza dakika 5 kila wiki, mwili utake usitake. Jumamosi ya wiki ya tatu nilitembea vizuri kabisa. Jumatatu nilishindwa kuinua mkono kuandika ubaoni. Nilipoeleza, niliambiwa nijikaze. Sikurudi.

Kliniki ninayoitathmini hapa iko Sinza, ghorofani, juu ya duka la dawa. Dada aliyenipokea, kabla hata hajanigusa bega, aliniuliza: "Mwalimu, ukishafanya kazi nyingi, kesho yake unaamkaje? Na keshokutwa?" Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Alinifafanulia kwamba mwenye maumivu ya mwili mzima ya fibromialgia mara nyingi husaidiwa na mazoezi mepesi yanayoongezwa taratibu, lakini yule ambaye mwili wake huanguka siku moja au mbili baada ya kujitumikisha, hali ambayo ndiyo alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu unaofupishwa ME/CFS, anaweza kuumizwa na mazoezi hayohayo. Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha lolote kati ya maradhi hayo mawili, kwa hiyo masimulizi ya mgonjwa ndiyo yanayobeba uzito. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoandaa miongozo ya tiba, iliacha kuwapendekezea wagonjwa wa ME/CFS programu za kuongeza mazoezi kwa viwango vilivyopangwa. Nililia niliposoma, kwa kuwa nilikuwa nimejilaumu kwa uvivu.

Wiki mbili za kwanza sikupewa zoezi lolote. Nilipewa daftari niandike nilichofanya, saa, na nilivyoamka siku iliyofuata. Tulipolisoma pamoja, Jumanne zangu mbaya zote zilirudi kwenye Jumapili za kufua. Ndoo ya lita 20 niliyokuwa ninaibeba kutoka tangi la uani tuliigawa katika madumu ya lita 5, moja baada ya jingine, na mapumziko katikati. Sasa ninafua nimekaa kwenye kigoda, nguo chache kila siku, na simu ikilia baada ya dakika 15 ninaacha, hata kama ninahisi ninaweza kumaliza beseni zima. Kuacha wakati mwili bado unaweza ndilo somo gumu kuliko yote.

Sijapona. Mabega bado yanauma, ila siku za kushindwa kutoka kitandani, zilizokuwa nne au tano kwa mwezi, sasa ni moja, na muhula huu sijakosa kipindi hata kimoja cha asubuhi.

Kasoro zipo. Ngazi za kufika pale ni adha kwa mgonjwa wa aina yangu, kila kikao ni shilingi 30,000 ambazo bima yangu haikulipa, na siku moja nilisubiri karibu saa mbili kwenye benchi lisilo na egemeo, nikalipia uchungu wake siku mbili zilizofuata. Nililalamika. Waliweka kiti chenye egemeo, na wakakubali kwamba kikao kimoja katika kila viwili tukifanye kwa simu, mimi nikiwa nimelala kwangu Kimara na daftari kifuani, nikimsomea dada yule nilivyoamka.