Bvlgari Eau Parfumée au Thé Vert: manukato ya walio karibu nawe tu

Ukipenda manukato yanayokutangulia mlangoni, haya ya Bvlgari, nyumba ya Kitaliano, hayakufai. Mimi nimekulia nyumba ya udi na asumini, ambako mtu akipita bila kuacha harufu hudhaniwa hakuoga, kwa hiyo sikutarajia kuyapenda.

Ukijipulizia, kwanza unapigwa na bergamoti, tunda la jamii ya chungwa, na limau, kama ganda la balungi linapominywa kwa kucha. Iliki inapita, kidogo tu, na asumini isiyo na utamu. Kisha kinabaki kile nilicholipia hasa, yaani chai ya kijani, ndiyo hiyo "Thé Vert" ya jina lake: mvuke wa chai isiyotiwa maziwa wala sukari, yenye uchungu kwa mbali. Hakikamuliwi kwenye majani ya chai, ati. Mtunzi wake, Mfaransa Jean-Claude Ellena, aliisuka harufu ya chai kwa kemikali mbili za manukato: iononi, inayonukia maua ya vayoleti, na hedioni, inayonukia asumini nyepesi. Yalitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati watu walikuwa wamezoea manukato ya kujaza lifti nzima. Baadaye chai ikawa mtindo. Green Tea ya Elizabeth Arden, ya 1999, ni ya ukoo huohuo na bei yake ni nafuu.

Kilichonishika ni joto la Dar. Vanila nzito ikikutana na jasho ndani ya daladala, hata mwenyewe unatamani kushuka. Haya jasho haliyageuzi kuwa shira. Ofisini hakuna anayegeuza shingo nikipita, na hilo ndilo ninalolitaka. Ila rafiki yangu akinikumbatia lazima aulize: "Shosti, umejipaka kitu, au ndiyo wewe tu?" Hakuna sifa ya manukato ninayoipenda kuliko hiyo.

Kukaa, hayakai sana. Ni kolonya, yaani manukato mepesi, na kolonya ndivyo zilivyo. Kwenye ngozi yangu adhuhuri yameshaaga, lakini nikipulizia upindo wa mtandio nayasikia mpaka alasiri.

Usijifukize udi halafu ukayapulizia juu yake; udi utayameza yote, na pesa yako pamoja nayo. Harusini mimi bado ni mtu wa udi. Na kabla hujanunua, yajaribu kwenye mkono, siyo kwenye kile kikaratasi cha dukani, kisha zunguka kidogo ndipo urudi kulipa. Kikaratasini utasikia limau tu, ile chai ikupite.