Nilipeleka Gold Eagle zangu kugrediwa, tatu zilikuwa hasara tupu

Nilituma sarafu nne kwa kampuni inayokagua sarafu, kuzipa gredi na kuzifunga kwenye kasha, tatu ni American Gold Eagle, sarafu za dhahabu za Marekani, za wakia moja na ya nne ndogo ya sehemu ya kumi ya wakia. Ningejua ningetuma hiyo ndogo peke yake.

Kilichoniponza ni tamaa. Kila siku naona mtandaoni Eagle imefungwa kwenye kasha la plastiki imeandikwa MS70, yaani gredi ya juu kabisa, inauzwa ghali kuliko mwenzake aliye mtupu, nikajiambia zangu mpya kabisa, nimezitoa kwenye tyubu nikiwa na glavu mkononi, zikose 70 kwa lipi? Kampuni siitaji jina, walifanya kazi waliyolipwa. Nikajaza fomu, nikalipa ada ya kila sarafu, posta ya kwenda na kurudi, na bima, hiyo bima ya dhahabu ndo inauma jamani halafu watu huwa hawaisemi, nikakaa kusubiri wiki na wiki.

Zikarudi. 69, 69, 69.

Nikachukua lenzi, nikawa naiinamisha moja chini ya taa mpaka mwanga ukateleza kwenye gauni la Liberty, yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, na kweli kuna kijikwaruzo chembamba kama unywele, ukigeuza sarafu kidogo tu hukioni tena. Basi ndo hicho. 70 maana yake mtu aangalie kwa lenzi ya kukuza mara 5 asione kasoro, na hizi za bulioni, yaani za kuuzwa kwa thamani ya dhahabu yake, zinapigwa kwa wingi, zinagongana zenyewe kwa zenyewe hata kabla hujazinunua.

Halafu cha kuchekesha, skeli hii ya 1 hadi 70 ilitoka kwa William Sheldon mwaka 1949, aliitengeneza kwa senti kubwa za shaba za zamani za Marekani, vitu vilivyopita mikononi mwa watu miaka na miaka, huko namba zilikuwa na kazi. Sisi tunaitumia kwa sarafu iliyotoka kiwandani juzi, matokeo yake zimesongamana zote 69 na 70, na hiyo 69 haimshtui mtu.

Nilihakikisha hilo nilipotaka kuuza moja. Mnunuzi kasoma lebo, kageuza, kanitajia bei ileile ya Eagle isiyo na kasha. Namuuliza na gredi je? Ananiambia yeye ananunua uzito, tena plastiki inamjazia nafasi, zake anazipanga kwenye tyubu za 20. Sikuuza. Nilirudi nyumbani nikalivunja kasha kwa koleo, roho ikaniuma kidogo, sarafu ikarudi ilikotoka.

Lebo za First Strike na Early Releases usinianzishie, maana yake sarafu iliwafikia ndani ya siku 30 za mwanzo tu, dhahabu ileile.

Najua kuna atakayesema gredi inakulinda na feki. Sawa, ukimuuzia mtu asiyekujua inasaidia. Ila Eagle ya wakia moja ni karati 22, gramu 33.93, kipenyo milimita 32.7, ukiwa na mizani ndogo na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, feki nyingi unazikamata mwenyewe, kwa sababu metali za bei rahisi karibu zote ni nyepesi kuliko dhahabu, uzito ukitimia basi sarafu imenenepa au imetanuka. Tungsteni tu ndo msumbufu, uzito wake unakaribiana mno na dhahabu. Na makasha yenyewe yanafojiwa siku hizi, kwa hiyo hata ukinunua iliyogrediwa ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoigredi ulinganishe.

Sasa hiyo ndogo. Ni ya 1999, niliipata kwenye fungu kwa bei ya dhahabu tu, siku moja naisogeza kwenye taa naona W karibu na mwaka. W ni alama ya kiwanda cha sarafu cha West Point, na Eagle za mwaka ule zilizotakiwa kuwa nayo ni zile za prufu, za kutunzwa na wakusanyaji, zinazong'aa kama kioo, yangu haing'ai hivyo hata kidogo. Kumbe mwaka huo kuna Eagle za 1/10 na 1/4 zilipigwa kwa mihuri ya prufu, vile vyuma vya kuchapia sarafu, ambayo haijang'arishwa. Kitu kama hiki bila cheti utabishana na kila mnunuzi, atakwambia ni prufu iliyochakaa basi. Kwa cheti hakuna aliyebisha, ofa zilianza kuja wiki ileile.

Gredi yake? 69 pia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza.