Bodi sita za ESP32 kwa mazoezi ya makubaliano: zinafaa?

Kwa maabara ya chuo hapa Nairobi isiyo na fungu la kununua roboti, bodi sita za ESP32 (kompyuta ndogo za bei nafuu zenye Wi-Fi) zinatosha kabisa kufundishia udhibiti wa makubaliano kati ya mawakala wengi, yaani jinsi vifaa vingi vinavyofikia thamani moja bila kiongozi, kila kimoja kikiongea na majirani zake tu. Bodi zinapatikana Luthuli Avenue. Ongeza potenshiometa (kitufe cha kuzungusha kinachobadilisha volti) moja na taa ya LED kwa kila bodi, basi. Potenshiometa inatoa thamani ya kuanzia, mwangaza wa taa unaonyesha thamani ya sasa.

Potenshiometa iende pini ya 34. Pini za ADC2, kundi la pili la pini za kusomea volti, ziache: Wi-Fi ikiwaka hazisomeki, na mwanafunzi atailaumu programu yake bure.

Bodi zinaongea kwa ESP-NOW, njia ya kutumiana ujumbe mfupi moja kwa moja kwa redio ya Wi-Fi, bila ruta. Tangazo la moja husikika na zote, kwa hiyo duara unalijenga mwenyewe: kila bodi ichuje kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kila redio), isikilize majirani wawili tu. Kila hatua bodi inatoa thamani yake kwenye ya kila jirani, inajumlisha tofauti hizo, inazidisha kwa epsiloni (namba ndogo unayoichagua), inajiongezea.

Utamu uko hapa. Kwa duara la sita, epsiloni bora ni 0.4: kila hatua tofauti na wastani, kwa jumla, haizidi asilimia 60 ya ilivyokuwa, na baada ya hatua 10 iko chini ya asilimia 1. Weka 0.5 uone taa zikipishana bila kukoma, hizi juu, zile chini. Toa bodi moja, ufunge duara kwa tano, na 0.5 ileile inatulia. Ubaoni somo hilo huchukua kipindi kizima, na nusu ya darasa imesinzia.

Udhaifu wake ni kwamba tangazo la ESP-NOW halithibitishwi kupokelewa. Paketi ikipotea upande mmoja, jirani mmoja anasogea, mwenzake hasogei. Watakubaliana, ila si kwenye wastani wa mwanzo. Dawa ni kila ujumbe kubeba namba ya hatua, na bodi isisonge kabla ya kusikia majirani wote wawili, huku ikirudia kutuma. Ubebe pia thamani ya hatua iliyopita, maana aliyetangulia akitangaza mpya tu, wa nyuma atangoja mpaka kesho. Nafasi ipo, angalau baiti 250 kwa ujumbe.

Kwa mpango huo bodi moja ikizimika duara zima linaganda, kwa hiyo usibane pesa kwenye nyaya za USB. Waya dhaifu hushusha volti redio inaporusha, na bodi inajiwasha upya.